Data juu ya waya wa umeme, au uvute waya mpya? Ulinganisho kwa wenye viwanda na maghala Mtwara na Lindi

Mwenye kiwanda akitaka kamera, au akitaka joto la tanuri lisomeke ofisini, swali lake kwa fundi huwa lile lile: "Fundi, umeme si unafika kila chumba? Kwa nini data isipite humo humo?"

Swali lina akili. Kuta za zege za majengo ya kubangua korosho yaliyojengwa miaka ya 1970 hazitobolewi kwa furaha, na wengi walio na majengo hayo leo wanayatumia kama maghala, hawataki kuyachokonoa. Jibu langu linategemea mambo mawili: unapitisha kitu gani, na waya huo umebeba nini kingine. Ujumbe mfupi wa mita au wa kihisi cha joto kwenye jengo tulivu, pitisha. Picha za kamera kutoka ukumbi wa mashine, vuta waya mwingine. Kesi zinazoanguka katikati ndizo zinazokula pesa za watu, kwa hiyo hizo ndizo nitakazozikalia zaidi.

Inafanyaje kazi

Umeme wetu ni volti 230 kwa fezi moja na 400 kati ya fezi na fezi, na unageuka mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Kifaa cha data hupandisha juu ya waya huo huo mawimbi madogo yanayogeuka maelfu au mamilioni ya mara kwa sekunde. Ndani yake mna kapasita inayozuia umeme mzito wa hezi 50 na kuyaruhusu mawimbi ya kasi kupita. Upande wa pili kifaa kingine hufanya kinyume chake. Si teknolojia ya jana: mashirika ya umeme yalikuwa yakipitisha simu juu ya laini kubwa za msongo tangu miaka ya 1920.

Vifaa vyenyewe viko vya aina mbili, na madukani huchanganywa.

Aina ya kwanza ni ya masafa ya chini. Ulaya imevitengea vifaa hivi kuanzia kilohezi 3 hadi 148.5, na sehemu ya chini, mpaka kilohezi 95, ni ya mashirika ya umeme. Kasi yake ni ndogo, makumi ya kilobiti kwa sekunde, lakini ujumbe wake unafika mbali na unavumilia kelele, yaani mawimbi machafu ambayo mashine hurusha kwenye waya. Mita za Linky za Ufaransa, zaidi ya milioni 30, husomwa kwa njia hii. Italia ilitangulia, ikaanza kufunga za kwake mwaka 2001. Zipo pia mita za malipo ya kabla ambazo kibodi iliyo ndani ya nyumba huzungumza na mita iliyo juu ya nguzo kwa kupitia waya wa umeme wenyewe.

Aina ya pili ni ya masafa mapana, kati ya megahezi 2 na 30 hivi, na matoleo mapya hupanda zaidi ya hapo. Hizi ndizo adapta za kuchomeka ukutani: moja karibu na rauta, nyingine chumba cha mbali. Kiwango cha HomePlug AV cha mwaka 2005 kilitangaza megabiti 200 kwa sekunde, na mwaka 2010 kikaja kiwango cha kimataifa cha IEEE 1901. Namba iliyoandikwa kwenye boksi usiitegemee. Ni kasi ya mawimbi kwenye waya katika hali nzuri kabisa, na hata nyumbani unapata chini ya nusu yake. Adapta nyingi zilizoandikwa 500 au 600 zina tundu la megabiti 100 tu, kwa hiyo zaidi ya hapo haiwezekani hata waya ukiwa wa dhahabu.

Kiwanda si nyumba

Adapta za ukutani zilibuniwa kwa nyumba yenye friji, runinga na taa. Ukizichomeka kwenye kiwanda cha kubangua korosho chenye boila, kompresa, mashine za kukatia, matanuri ya kukaushia na feni kubwa, unazipeleka mahali pasipo pake.

Adui wa kwanza ni draivu za mota, zile mafundi wengi huziita VFD. Draivu hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kupunguza au kuongeza mwendo wa mota, na kila mkato hurusha kelele zinazopanda mpaka kwenye megahezi. Mtengenezaji anajua hilo, kwa hiyo anaweka filta, yaani kichujio cha kelele, upande wa kuingilia umeme. Na hapo ndipo penye mtego ambao wauzaji hawausemi. Filta hiyo imetengenezwa kuua kila kitu kati ya kilohezi 150 na megahezi 30, maana huo ndio upana ambao sheria za kelele za umeme zinaupima. Data ya masafa mapana inakaa humo humo. Filta haitofautishi kelele na data yako. Inavimeza vyote viwili. Draivu isiyo na filta inakuchafulia waya, yenye filta inakunywea mawimbi. Na waya unaotoka kwenye draivu kwenda kwenye mota usiuguse kabisa.

Adui wa pili huwa amefungwa kwa nia njema. Viwanda vya daraja la T2 na T3, yaani madaraja ya bei ya watumiaji wakubwa, hulipia TANESCO mahitaji ya juu kwa kVA (kipimo cha ukubwa wa umeme unaovutwa), kwa hiyo wengi hufunga benki ya kapasita, yaani kundi la kapasita kubwa, ili bili ishuke. Chukua kapasita ya mikrofaradi 200. Kwa hezi 50 ukinzani wake ni kama omu 16. Kwa kilohezi 100, kwa hesabu ya karatasi, ukinzani huo unashuka mara 2,000, yaani mawimbi yako yanakuta njia ya mkato na kuishia hapo. Urefu wa waya unasaidia kidogo kuyakinga, ndiyo maana adapta iliyo mbali na benki inaweza kufanya kazi na iliyo jirani nayo ikazima taa.

Halafu kuna fezi. Ukumbi mkubwa umegawanywa: soketi za ukuta huu fezi nyekundu, za ukuta ule fezi ya bluu. Mawimbi yanaruka kutoka fezi hadi fezi kwa bahati tu, kwa sababu nyaya zinalala pamoja kwenye mfereji mmoja. Yakiruka yamechoka. Kipo kifaa cha kuunganisha fezi kwa ajili ya data, kinafungwa kwenye DB (sanduku la breka linalogawa umeme) na fundi mwenye leseni, si kitu cha kuchomeka mwenyewe. Transfoma nayo ni ukuta. Kama kiwanda kina transfoma mbili, moja ya mashine na nyingine ya ofisi na nyumba za wafanyakazi, usipoteze muda, data haitavuka.

Niliwahi kuona jinsi inavyotokea, kwenye chumba cha kumenya cha kiwanda kimoja mkoani Mtwara. Laptopu imechomekwa adapta, dirishani pana mwanga wa asubuhi, mashine zimelala. Ujumbe wa kupima unakwenda ofisini na kurudi kwa milisekunde chache, taa ya adapta ni ya kijani. Dada wa zamu akaambiwa, "Dada, washa kompresa." Mota ikanguruma, taa ikageuka ya njano, ujumbe ukaanza kuchelewa. Zilipowashwa draivu za mikanda ya kusafirishia korosho, taa ikawa nyekundu na baadhi ya ujumbe haukurudi kabisa. Kompresa ilipofika presha yake ikajizima, mambo yakatulia, dakika chache baadaye yakaharibika tena. Hii ndiyo kelele mbaya zaidi kwa fundi, ya kuja na kuondoka, maana mteja anapokupigia simu, ukifika unakuta kila kitu kinafanya kazi.

Vingine nitavitaja kwa haraka. Usichomeke adapta kwenye ekstensheni yenye kinga ya radi wala nyuma ya UPS. Chomeka ukutani moja kwa moja. Breka na vikata umeme vya kulinda watu dhidi ya shoti hupunguza mawimbi kidogo lakini haviyazuii. Mashine ya kuchomelea, hata ile ya jirani mnayeshiriki transfoma, inaweza kukuharibia mchana mzima. Na jenereta: umeme ukikatika na swichi ya kubadilishia ikahama, adapta zote hujizima na kuwaka upya. Kama joto la tanuri linapita humo, utakuwa na pengo kwenye kumbukumbu zako kila TANESCO wanapokata.

Ukilinganisha na waya wa mtandao

Waya wa kawaida wa mtandao, Cat5e au Cat6, unakupa megabiti 1,000 kwa sekunde mpaka mita 100, mashine ziwe zimewashwa au zimezimwa. Kila jozi ya waya imesokotwa ili kelele zinazoingia zijifute zenyewe. Unaweza pia kulisha kamera umeme kupitia waya huo huo, wati 15.4 kwa kiwango cha kwanza cha mwaka 2003, kwa hiyo soketi ya pili juu ya dari haihitajiki. Kwa kamera, hilo peke yake linatosha kuumaliza ubishi.

Ubaya wake ni kazi. Kutoboa, kupanga mifereji, na kuutenga na nyaya za umeme wa mota. Ukiulaza kwenye mfereji mmoja na waya wa draivu, umejirudisha ulikotoka. Pwani ya Mtwara, Mikindani na Lindi hewa ina chumvi, na zile ncha za waya zenye vipande vidogo vya dhahabu huoza mapema kwenye chumba kisicho na kiyoyozi. Nunua ncha nzuri, uzifunge ndani ya boksi. Maghalani kuna panya, na panya hawachagui waya. Tumia bomba la chuma chini, plastiki juu. Kwenye chumba cha kukatia korosho pitisha waya mbali na mafuta ya ganda, yale yanayounguza mikono ya wabanguaji. Hayo si mazingira ya waya laini wa ofisini.

Bei? Adapta mbili hugharimu kidogo kuliko kulaza waya mrefu, hilo halina ubishi. Lakini adapta mbili zinakupa ncha mbili. Ukitaka ncha sita, zote sita hugawana kasi ile ile moja ya waya wa umeme, wakati kila waya wa mtandao una njia yake. Kuanzia ncha ya tatu au ya nne, hesabu hugeuka.

Ukilinganisha na faiba

Faiba ni uzi wa kioo unaobeba data kwa mwanga, kwa hiyo haisikii umeme kabisa. Unaweza kuilaza pembeni ya waya wa mota kubwa kuliko zote na isijue kama ipo. Radi ikipiga uwanjani msimu wa mvua, haiubebi umeme huo kutoka jengo hadi jengo, jambo ambalo waya wa shaba unalifanya vizuri mno. Kwa umbali wa kiwanda, megabiti 1,000 kwa mita 550 ni kawaida kwa faiba ya majengo, na ile ya umbali mrefu inakwenda kilomita 10.

Kinachoogopesha watu ni mashine ya kuunganishia, na kwamba mtaalamu wake hapatikani kila wilaya. Lakini faiba iliyokatwa na kufungwa ncha kiwandani inauzwa kwa urefu maalumu, unailaza na kuchomeka, bila mashine. Pima urefu vizuri, ongeza mita chache, basi. Kati ya majengo mawili yaliyotenganishwa na uwanja, kwa mfano ofisi huku na ghala kule, mimi sifikirii kitu kingine. Hasa kama kila jengo lina eathi yake.

Ukilinganisha na jozi ya RS-485

Hii watu wa kompyuta huisahau, na ndiyo mshindani halisi wa data ya waya wa umeme ya masafa ya chini. Ni waya mmoja wa jozi iliyosokotwa unaopita kifaa hadi kifaa, mpaka mita 1,200 kwa kasi ndogo, na vifaa 32 vya kawaida kwenye laini moja. Mita za umeme za viwandani, draivu, vidhibiti vya boila, karibu vyote vina skrubu mbili zilizoandikwa A na B, na vinazungumza Modbus, lugha iliyokuwapo tangu mwaka 1979. Ncha mbili za laini unaweka kizuizi cha omu 120 kila moja, na usitengeneze matawi.

Nikilinganisha hivi viwili kwa haki: jozi hiyo ni rahisi, inaaminika, na fundi yeyote wa viwandani anaielewa. Data ya masafa ya chini juu ya umeme inashinda pale tu ambapo waya mpya haupitiki. Mfano ni mita ndogo zilizotawanyika kwenye DB za ghala refu, au taa za nje za uzio, ambazo waya wake uko ardhini tayari. Kwa taa za uzio naipendekeza bila kusita. Laini ya taa haina draivu wala kapasita kubwa, ujumbe ni washa, zima, punguza, na kuchimba mtaro mpya kuzunguka eneo lote ni gharama ya bure.

Na Wi-Fi?

Wi-Fi ni ya simu na laptopu. Bati la juu, bati la pembeni na rundo la magunia ya korosho mpaka karibu na dari hufanya ghala kuwa na vivuli vya mawimbi vinavyohama kila mzigo unapopangwa upya. Mwezi wa Agosti ghala ni tupu na mtandao unafika kila kona. Novemba limejaa na mizani iliyo kona ya mbali haiuoni mtandao. Weka Wi-Fi, lakini ilishe kwa waya.

Kwa kila jengo, ningechagua nini

Ghala la chama cha msingi, Tandahimba au Newala, lenye taa, soketi chache na mizani ya kielektroniki mlangoni: hapa adapta za masafa mapana zinafaa kabisa. Transfoma ni moja, mara nyingi fezi moja au mbili, mota hakuna. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, uzito unaosomwa mlangoni ni jambo zito, na kuutuma kwenye kompyuta ya karani ni ujumbe mdogo. Kamera moja ya mlangoni pia inabebeka. Badilisha tu neno la siri, maana adapta zote za familia hiyo hutoka kiwandani na neno moja, na jirani mnayeshiriki laini anaweza kujikuta ndani ya mtandao wako. Kwenye nyingi, kitufe cha kuoanisha hutengeneza neno jipya. Kibonyeze pande zote mbili.

Kiwanda kidogo cha kubangua, jengo moja, draivu mbili tatu: waya wa mtandao kwa kamera na ofisi, jozi ya RS-485 kwa matanuri na boila. Data ya umeme sitaki hata kuizungumzia upande wa mashine. Upande wa ofisi, kama laini ya ofisi inatoka kwenye DB yake karibu na mita, adapta zinaweza kumfikisha mhasibu kwenye rauta bila kutoboa ukuta.

Kiwanda kikubwa chenye majengo kadhaa na transfoma zaidi ya moja: faiba kati ya majengo, waya ndani ya kila jengo. Data ya umeme ibaki kwa taa za nje, na kwa mita ndogo kama mtengenezaji wa mita ameiweka tayari ya masafa ya chini. Kama kiwanda kiko karibu na bandari au kuna watu wanaotumia redio za masafa ya mbali kuzungumza na majahazi na meli, adapta za masafa mapana zinaweza kuwapigia kelele kwenye redio zao. Adapta nzuri zina sehemu za masafa zilizonyamazishwa kwa ajili hiyo, ila si zote.

Kabla ya kulipa

Kazi yoyote ndani ya DB, ikiwa ni pamoja na kuunganisha fezi, iwe ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na muulize mwuzaji kama kifaa kimepata kibali cha TCRA. Kisha chora ramani ya umeme wa jengo: transfoma ipi, fezi ipi kwenye soketi ipi, kapasita ziko wapi, draivu ziko wapi. Wenye viwanda wengi hawana mchoro huu, na kuutengeneza kwa kuzima breka moja moja siku ya mapumziko kutakusaidia kwa mambo mengine mengi.

Halafu jaribu. Usijaribu Jumapili. Chomeka jozi moja sehemu unazozihitaji, acha kompyuta ijipime yenyewe mfululizo kwa wiki nzima ya kazi, msimu ukiwa umekolea, boila na kompresa zikiwa zinazunguka, na zamu ya usiku ikiwemo. Usiangalie kasi ya juu. Angalia saa mbaya kuliko zote ilitoa nini, na ni ujumbe mwingi kiasi gani uliopotea. Kama kazi yako ni mita inayosomwa kila robo saa, kupotea mmoja mmoja hakuna shida, kifaa kitarudia. Kama ni kengele ya presha ya boila, hata mmoja haukubaliki. Matokeo yaandike pamoja na saa na mashine iliyokuwa imewashwa, ili fundi wa umeme na fundi wa mtandao wasirushiane mpira. Mwuzaji akikataa kukuazima jozi ya kujaribia, nunua moja tu, na hakikisha risiti inakuruhusu kuirudisha.